Pale Katikati ya Ukumbi wa Ibu Melinda

Jumatatu, 15 Septemba

Leo nimeshinda nusu ya vita. Nusu iliyobaki ni Agus.

Mambo yako hivi. Ibu Melinda, bibi tajiri wa Jakarta, amemaliza kujenga nyumba zake za kifahari kule juu ya mto, ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Nyumba kumi na mbili na ukumbi mmoja mkubwa wa kupokelea wageni. Anataka mchongaji mmoja tu wa kupamba zote: kuta, taa, vitasa vya milango, mpaka kidude cha kutundikia taulo. Ametuchagua wawili, kila mmoja alete kazi moja ukumbini. Jumapili anakuja na marafiki zake kutazama. Mmoja atapata kila kitu. Mwingine atarudi kwao.

Mimi kwetu sitaki kurudi. Kwetu kuna shemeji yangu Gunarta, na Gunarta ana karakana ya paka. Paka wa mbao! Paka wenye miavuli, paka wanaovua samaki, wamepangwa kando ya barabara wakiwangoja watalii. Nilichonga paka ujana wangu wote. Asubuhi hii mke wangu, Luh Sukasih, amenikorogea kahawa huku akisema waziwazi kwamba hii ndiyo bahati ya mwisho. Nikiikosa, Jumatatu ijayo nachukua patasi naenda kwa kaka yake. Nimemwambia aandae nguo za sherehe, patasi aachane nayo. Kasema tutaona.

Kazi yangu inaitwa Pumzi ya Pili. Shaba ya njano, nimeifua kwa nyundo juu ya fremu ya chuma, ndefu kunizidi, imejikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Ndani ni tupu. Mwanga ukiingia unazunguka humo usijue pa kutokea. Nilipoimaliza nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Gunarta alipoiona aliuliza bomba lake linaunganishwa wapi.

Basi nimefika ukumbini, nakuta mti wa vioo wa Agus Mertayasa umesimama katikati kabisa, chini ya dirisha la paa. Na mimi? Nimeonyeshwa kona ya kwendea msalani! Agus, ambaye alisomea sanaa Yogyakarta na hajaacha kututangazia, akanishika bega. "Usijali, kaka Kadek. Hapo kila mgeni atapita, tena kwa haraka."

Nikacheka naye. Moyoni nimeapa. Kabla ya Jumapili, Pumzi ya Pili itakuwa katikati.

Jumanne, 16 Septemba

Mpango wa kwanza. Nimefika mapema na shati la kola, nionekane mtu anayepigiwa simu na matajiri. Nikawatangazia wafanyakazi kwamba Ibu Melinda kanipigia, anataka kazi zetu mbili zibadilishane nafasi. Wanaume wakaanza kukunja mikono ya mashati. Safi kabisa! Kumbe Mama Rasmini, msimamizi wa usafi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, naye ana namba ya Ibu Melinda. Kampigia palepale, mbele za watu, sauti imefunguliwa yote. Ibu Melinda akajibu kwamba hajampigia mtu yeyote, yuko kwa msusi. Nikasema basi labda ni Ibu Melinda mwingine. Wanaume wakakunjua mikono ya mashati.

Mpango wa pili. Agus alipokwenda kula, nikabeba vyungu vyote vya mimea kutoka barazani nikauzungushia mti wake wa vioo usionekane. Mgongo ulilia. Agus karudi, kasimama, katazama, kaniita. Nikajiandaa kwa ugomvi. Akanishukuru! Eti tangu jana alikuwa anahisi kazi yake inapungukiwa na kitu, kumbe ni majani. Kapiga picha, kaiweka mtandaoni, na chini yake kanitaja mimi kuwa ni msaidizi.

Sukasih kaiona picha. Kaniuliza kama msaidizi analipwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mimi koleo zangu bado ziko nyingi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeipata! Nimeipata nikiwa juu ya pikipiki, nusura niingie mtaroni.

Pale njia panda ya kijiji kuna lile jiwe. Jiwe la kawaida, halina sura wala jina. Ila limevishwa kitambaa cha miraba myeusi na myeupe, na kitu kilichovishwa kitambaa hicho kina mwenyewe asiyeonekana. Hakiguswi. Mwaka ule walipopanua barabara, ililetwa mashine kubwa ya kuchimba. Dereva akaona kitambaa, akazima mashine, akaenda zake kunywa kahawa. Ikabidi barabara ndiyo ipinde, na mpaka leo imepinda.

Nikageuza pikipiki. Sukasih alikuwa sokoni. Sandukuni mwake kuna kitambaa kipya cha namna hiyo, amekipinda ukingo mwekundu kwa mkono wake, anakiweka kwa ajili ya madhabahu yetu ya nyumbani sikukuu ikifika. Nimekiazima. Mtu na mkewe hawaibiani.

Halafu bahati nayo ikaniunga mkono. Leo ilikuwa siku ya kung'arisha sakafu ya ukumbi, kwa hiyo kila kitu kilitolewa barazani. Agus hakuwapo. Wakati wa kurudisha nikawashauri wabebaji, kwa sauti ya mtu anayewaonea huruma, waanze na yangu kwa kuwa ndiyo nzito. Iwekwe wapi? Hapo tu, nikasema, hapo katikati, mtaisogeza baadaye. Wakatoka kwenda kuuchukua mti wa vioo. Nami nikaizungushia shaba yangu kitambaa kiunoni, nikafunga fundo, nikasimama kando nikitazama dari.

Wakarudi na mti. Wakasimama. Mmoja akainamisha kichwa. Kisha wakaugeuza mti wa Agus polepole, wakaupeleka kule kwenye kona ya msalani.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Sukasih kauliza nimekula nini.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku tukufu.

Agus kaja asubuhi, kaukuta mti wake msalani. Akaita wanaume waurudishe. Hakuna aliyeinua mguu. Akawaambia hicho ni kitambaa tu, kakifunga Kadek kwa mikono yake. Mbebaji mmoja akamjibu, "Basi kifungue wewe, bwana msomi." Agus akasogea. Akanyoosha mkono. Mkono ukafika karibu na fundo, ukasimama hewani, ukageuka, naye akajifanya anatazama saa. Hana saa! Agus ni mtoto wa hapahapa kama mimi, na Yogyakarta haikumwondolea hilo. Kanipita akinong'ona kwamba anajua ninachofanya. Nikamwombea heri.

Ningekomea hapo, leo ingekuwa siku isiyo na doa. Lakini Mama Rasmini kaja na kisahani chake cha majani ya mnazi, maua, wali kidogo, na kijiti cha ubani kinachofuka. Kaweka chini, kaomba, kisha kaniuliza kwa adabu: huyu aliyemo humu ni nani, na katokea wapi, ili ajue cha kumletea. Ningeweza kusema sijui. Ila watu walikuwa wamekusanyika, wananitazama mimi. Mimi! Nani amewahi kuninyamazia namna hiyo nikieleza kazi yangu?

Kwa hiyo nikasimulia. Nilipokuwa naifua shaba nilipitiwa na usingizi. Akanijia mzee, ametoka mtoni, maji yanamchuruzika ndevuni, akaniamuru nigonge mpaka shaba ifanane na pumzi yake. Nywele za mikono zikanisimama mwenyewe. Nilisimulia vizuri mno. Nikaongeza kwamba mzee anapenda kahawa. Sijui kwa nini niliongeza hilo, mpenda kahawa ni mimi.

Ijumaa, 19 Septemba

Kahawa kila mahali. Glasi za kahawa zimeizunguka Pumzi ya Pili pande zote, na sigara, na keki za wali, na bata wa kuchoma kutoka jikoni. Bata mzima! Njaa inaniuma na siruhusiwi kugusa hata bawa.

Na ubani! Moshi wa tangu jana umepaka masizi ndani ya mkunjo, pale pale ninapouchezesha mwanga. Nikachukua kitambaa laini na dawa ya kung'arishia. Mama Rasmini akanizaba kofi mkononi. Eti nimeomba ruhusa? Nikamwambia hii kazi ni yangu, nimeifua mwenyewe. Akasema ndiyo, na mama aliyemzaa mfalme haendi kumfuta pua mbele ya watu. Jina langu nililolichonga kwa chini halionekani tena, limefunikwa na kitambaa cha mke wangu.

Mchana Ibu Melinda kapiga simu. Kaona picha walizomtumia wafanyakazi. Kaniambia kwa upole wa Kijakarta, ule wa kukatia nyama, kwamba shaba imempendeza, kuliko alivyotarajia, ila kile kitambaa cha jikoni kitolewe kabla ya Jumapili. Imempendeza! Kuliko alivyotarajia! Nikamwambia kitambaa kitatoka sasa hivi.

Nikangoja watu waende kula. Nikabaki peke yangu na shaba yangu. Mimi ni mtu wa kisasa. Nimewahi kutoa mhadhara. Fundo nililifunga mwenyewe juzi, tena fundo la kizembe, mtoto angelifungua. Nikanyoosha mkono.

Haukwenda. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliogopa. Nilimwona yule mzee. Nilimtunga mimi, ndevu zake nilizitunga mimi, nikamwona ananitazama, tena amenikasirikia kwa ajili ya bata. Nikarudi nyuma kinyumenyume mpaka mlangoni.

Nimekwenda kwa Jero Mangku, kuhani wa hekalu la kijiji, ambaye pia ni mume wa Mama Rasmini na mkata majani wa Ibu Melinda. Nimemuuliza kama mtu akitaka, kwa mfano tu, kumvua kitambaa mzee fulani, afanyeje. Kasema havuliwi mtu bila kuulizwa. Kesho ni siku ya vyuma, siku nzuri. Atakuja ukumbini kumuuliza mwenyewe anataka nini.

Vizuri sana. Mzee hana mdomo. Mdomo wake ni mimi.

Jumamosi, 20 Septemba

Siku ya vyuma. Kila chenye chuma kimeletwa kishukuriwe. Pikipiki zote za wafanyakazi zimepangwa mbele ya ukumbi zimevishwa mapambo ya majani, mashine ya kukatia nyasi, visu vya jikoni, kompyuta ya mhasibu. Yangu katikati, juu ya vyote, inang'aa kila pasipofikiwa na masizi. Nilikuwa nimejipanga. Kuhani atauliza, nami nitajibu kwamba mzee anaomba avuliwe kitambaa kwa sababu ya joto, na abaki hapohapo.

Sikupanga kwamba Mama Rasmini angemtangaza mzee wa mtoni soko zima. Wanawake wa kijiji wamekuja na vikapu vya sadaka vichwani. Wa tatu alikuwa Sukasih.

Akapiga magoti. Akaomba. Akainua macho. Nikamwona anautazama ukingo mwekundu, mshono kwa mshono. Akaja kukaa karibu nami, anatabasamu kwa ajili ya majirani, akaniambia taratibu, "Kitambaa kizuri. Aliyekipinda namjua. Tutaongea nyumbani." Kisha akanifinya pajani, na nikashindwa kupiga kelele kwa kuwa kengele ya kuhani ilikuwa inalia.

Jero Mangku kanyunyiza maji matakatifu, kawasha ubani. Akanigeukia. Kwa kuwa mimi ndiye niliyemwona, niwaambie, mzee anataka kukaa wapi?

Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo. Na Agus, mikono ameikunja kifuani kwa unyenyekevu, akasema samahani, yeye ni mtu mdogo, hana elimu ya mambo haya, ila anauliza tu. Si kaka Kadek alisema mzee katoka mtoni? Maskini, mzee wa watu. Amezoea maji na upepo, tumemfungia chini ya paa, tena na kiyoyozi.

Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma. Kuna mwanamke alijipangusa macho. Mama Rasmini akasema ndiyo maana jana usiku yeye mwenyewe kikohozi hakikumwisha. Jero Mangku akatikisa kichwa polepole, kisha akanitazama: ndivyo? Nikamtazama Sukasih. Sukasih akanitazama. Nikasema ndivyo.

Tulimbeba saa ileile. Walinipa upande wa mbele kwa heshima. Agus alishika nyuma, na njia nzima nilimsikia akihema kwa furaha. Tumeiweka kando ya mto, kwenye daraja dogo linapopita toroli la taka. Nilijipalia makaa mwenyewe.

Nyumbani Sukasih hakupiga kelele. Kasema, "Njia ya mwongo ni fupi, Kadek." Kanipa sindano, uzi mwekundu na kitambaa kipya. Nimejichoma vidole vyote.

Jumapili, 21 Septemba

Bado kulikuwa na tumaini! Ibu Melinda alishasema shaba imempendeza. Nimeamka na mpango rahisi: akifika nimpeleke mtoni, nimwambie hii ndiyo yangu, aamuru mwenyewe irudishwe katikati.

Kafika na marafiki zake, wote wamevaa nguo za rangi ya uji. Mti wa Agus ulikuwa umesharudi katikati, na vyungu vyangu vya mimea pembeni. Wakashangilia. Wakapiga picha. Nikamwomba Ibu Melinda dakika moja, nikawashusha ngazi zote mpaka mtoni, yeye na marafiki zake na viatu vyao.

Jua lilikuwa limeingia ndani ya mkunjo. Maji ya mto yalikuwa yanaupeleka mwanga juu, shaba inaurudisha chini, na masizi yale yamefanya kina ambacho mimi kwa nyundo yangu sikukipata. Ilipendeza kuliko nilivyowahi kuiona. Kwa kweli nilifurahi. Ibu Melinda akaizunguka, na wenzake wakamfuata. Kisha akasema haifanani na ile ya kwenye picha, akauliza hii nani aliitengeneza.

Mama Rasmini alikuwa anaweka kahawa ya asubuhi, mumewe na wafanyakazi wamepiga magoti nyuma yake. Akajibu kabla yangu. "Hakuna aliyeitengeneza, Ibu. Alikuja mwenyewe."

Nikapaza sauti: ni mimi! Mimi Kadek Suwitra, nimeifua kwa mikono hii, jina langu liko hapo chini ya kitambaa! Wafanyakazi wakanitazama kwa masikitiko. Jero Mangku akanishika mkono akaniambia taratibu nisikufuru, nitapata ugonjwa. Nikamwambia Ibu Melinda basi anyanyue kitambaa aone. Ibu Melinda akakitazama kitambaa, akawatazama watu waliopiga magoti, akasema yeye si wa dini hiyo lakini ana adabu zake. Kaagiza mahali pale pawekewe uzio mdogo na taa, na wageni waambiwe kwamba ni mlinzi wa kale wa mto.

Wa kale! Rangi ya fremu haijakauka vizuri.

Agus kapewa nyumba zote kumi na mbili. Kapewa hata vidude vya taulo. Wakati wa kuondoka aliweka ua pale mtoni, akaomba muda mrefu, na sidhani kama alikuwa anatania.

Jumatatu, 22 Septemba

Kwa Gunarta. Shemeji kanipokea vizuri, kanipa kiti changu cha zamani na gogo. Kataka paka wanaovua. Nimechonga mmoja. Kamtazama, kauliza huyu paka kavunjika nini. Nikamwambia ni paka anavyojisikia ndani. Kasema watalii wanataka wa nje.

Mchana mke wangu kaniletea wali, na kaleta na kile kitambaa nikimalizie ukingo. Kaniuliza kama kuna nilichojifunza wiki hii. Nikamwambia kipo, tena kikubwa. Akaonekana kufurahi, maskini, akaniongezea pilipili.

Kwa maana leo asubuhi mteja wa Gunarta kaeleza kwamba kuna daktari wa meno anafungua kliniki ya kifahari mjini Denpasar. Chumba cha kusubiria peke yake kinalingana na uwanja wa mpira wa wavu. Anatafuta sanamu moja kubwa ya katikati. Agus keshapeleka michoro.

Nimekaa na sindano nimefikiri sana. Kosa langu limeonekana wazi, na nashangaa sikuliona mapema. Kosa langu lilikuwa mto.

Mzee wa safari hii katokea kwenye chumba cha kusubiria. Hapendi kahawa, hapendi upepo, na maji hajawahi kuyaona.